Pole ya Kitindamimba

Kamba ilikuwa inapanda. Ilitoka chini kabisa, ndani ya mawingu ya buluu ya sayari ya Neptuni, nyembamba kiasi kwamba jicho liliipoteza kabla halijaifuata hata nusu ya urefu wake. Ncha yake ya juu ilizungushwa kwenye gurudumu kubwa lililochimbiwa katika mwamba wa mwezi mdogo uitwao Kitindamimba. Kila gurudumu lilipozunguka, kamba ilileta juu vibuyu vya chuma vilivyojaa gesi nyepesi, ile ambayo miji ya mbali na jua huichoma kupata joto na mwanga. Gurudumu halikutoa sauti, maana nje ya kituo hapakuwa na hewa ya kuibeba. Mtetemo wake tu ndio uliopita katika mwamba, ukamfikia mtu nyayoni na kumletea usingizi mtamu kama wa mtoto anayebebwa mgongoni.

Mwatumu Shekue aliutazama mtambo huo kupitia dirisha la chombo kilichomleta, akasema moyoni kwamba binadamu kweli hana adabu. Mwezi wenyewe ulikuwa jiwe tu lenye umbo la kiazi. Ulikaa karibu na Neptuni kuliko miezi yote mingine, na ndiyo maana wafanyakazi wa mwanzo waliupa jina hilo, kwa kuwa kitindamimba ndiye mtoto anayeng'ang'ania nguo ya mama hata mama anapopika. Wanafalaki wana jina lao, zuri tu, lakini hakuna aliyewahi kulitaja mbele ya kikombe cha chai. Basi jiwe hilo, mdogo wa nyumba, ndilo lililotwishwa kazi ya kupasha moto mji mzima.

Mji wenyewe uliitwa Barafuni, nao ulijengwa kwenye Tritoni, mwezi mkubwa wa mbali. Mwatumu aliishi huko tangu ujana wake, akiwa mhandisi wa mwendo, yaani mtu anayehakikisha kwamba vitu vinavyozunguka vinaendelea kuzunguka na vinavyopaswa kutulia vinatulia. Mvi zilimwota kwenye kazi hiyo. Sasa alikuwa amefunga mizigo. Baraza la Nishati lilimwomba amalize jambo hili moja tu, kisha apande chombo cha kurudi Duniani, kwao Muheza, kwenye machungwa na matope na jua lenye joto la kweli.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kamba inapovuta kibuyu juu, kibuyu nacho kinauvuta mwezi chini. Yeyote aliyewahi kuteka maji kisimani anaijua habari hiyo, kwa sababu ndoo nayo humvuta mtekaji. Ili mwezi usishuke, upande wake wa nyuma ulifungwa msukumo, mtambo unaotoa mwali mrefu mweupe bila kukoma. Mwali ukiongozwa vibaya, hata kidogo, mwezi huyumba na kamba hutikisika, kwa hiyo kazi ya kuuongoza ilipewa akili mnemba iliyoitwa Mhimili. Kwa miaka mingi Mhimili alisukuma kadiri kamba ilivyovuta, na mwezi haukuiacha njia yake. Kisha, bila sababu iliyoonekana Barafuni, ukaanza kushuka.

Haukushuka sana. Lakini huko chini kuna mstari ambao wahandisi huuita mpaka wa mraruo. Mwezi ukiuvuka, sayari huuvuta upande wa karibu kwa nguvu kupita upande wa mbali, mpaka mwamba upasuke na vipande vyake vitawanyike angani kuwa pete. Kitindamimba ulikuwa umebakiza kidogo kuufikia mpaka huo.

Mwatumu aliingia kituoni akatafuta wa kumpokea, asimwone. Alipoinua macho, alikuta msichana mrefu mwembamba akielea juu ya kichwa chake, miguu ikielekea dari.

"Shikamoo, shangazi," alisema msichana.

Mwatumu akaitikia marahaba, akimtazama uso uliopinduka juu chini. Huyo ndiye Tausi, mlinzi wa kituo na mkazi pekee wa Kitindamimba. Alizaliwa humo humo, mtoto wa wafanyakazi wawili wa kamba. Uzito wa huko ni mdogo kiasi kwamba ukiachia kijiko hewani unaweza kunywa funda la chai kabla hakijafika mezani, na mifupa ya Tausi ilikua kwa kufuata uzito huo. Ilikuwa mirefu na myepesi kama fito. Madaktari wa Barafuni walishapima na kusema wazi kwamba hata uzito mdogo wa Tritoni ungemvunja miguu, na moyo wake usingeweza kupandisha damu mpaka kichwani. Watu wengine wote walipoondolewa, baada ya kamba kufanywa ijiendeshe yenyewe, yeye alibaki. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, mama yake akamfuata. Baraza likampa cheo cha mlinzi ili aibu isionekane.

Kwa hiyo Mwatumu alijua, tangu alipofungua begi lake, kwamba mwezi huo ukipasuka Barafuni itapoteza mtambo, lakini msichana huyu hatakuwa na mahali popote pa kuishi. Alilijua hilo na halikumpa raha.

Tausi hakuwa na dalili ya mtu anayeishi juu ya kitu kinachoanguka. Alimwonyesha mgeni namna ya kulala, ambayo ilikuwa kujifunga ukutani kwa kipande cha kitenge, na namna ya kula wali bila kuupulizia pumzi ukatawanyika chumba kizima. Alimpeleka kwenye dirisha kubwa, wakakaa kutazama. Neptuni ilijaza nusu ya mbingu. Mawingu yake meupe yalipita taratibu juu ya buluu, yakakunjamana, yakaachana, na mwezi nao ulikuwa ukikimbia juu yake huku aliye ndani akidhani ametulia. Mwatumu alisahau alichotaka kusema. Alipozinduka, chai yake ilikuwa imepoa na Tausi alikuwa anamcheka, akimwambia kwamba kila mgeni hufanya hivyo, na kwamba yeye mgeni wake humpa siku mbili tu, siku ya tatu humpa jembe.

Jembe lenyewe Mwatumu alilishika mapema. Alipekua mtambo wa msukumo tangu mdomo wa mwali mpaka kwenye matangi, akaukuta mzima. Alipekua mahesabu ya Mhimili, akayakuta safi. Lakini katika mchoro wa nguvu ya mwali, ambao ulipaswa kuwa mstari ulionyooka, kulikuwa na vishimo. Kila baada ya muda mwali ulilegea, ukakaa hivyo kidogo, kisha ukarudi. Kila kishimo kiliushusha mwezi kiasi cha unywele, na nywele zikiwa nyingi huwa kamba. Vishimo havikuwapo zamani. Vilianza baada ya wafanyakazi kuondoka.

Sababu aliiona kwa macho yake, na aliiona wakati ameacha kuitafuta. Alikuwa katika chumba cha msukumo akisafisha vifaa, Tausi akaingia akielea, ameshika kikombe, kama afanyavyo kila amalizapo kula. Akakaa karibu na kile kidirisha cha kioo cheusi ambacho Mhimili huonea watu. Hakumwita Mhimili. Alimwita mjomba, kwa kuwa tangu mama yake afariki hakuwa na ndugu mwingine wa upande wowote wa kumsemesha. Alimsimulia ndoto aliyoota. Kisha akanyanyuka, akakipapasa kile kioo, akasema kama mtu asemavyo akimpita jirani shambani:

"Pole na kazi, mjomba."

Mshale wa kipimo cha nguvu ya mwali ukashuka. Mwatumu aliutazama ukikaa chini, ukisitasita, halafu ukipanda tena. Tausi alikuwa ameshatoka.

Mwanzoni Mwatumu alicheka peke yake mpaka akajigonga kichwa ukutani. Alidhani ameelewa. Mashine imesikia pole, ikadhani imeambiwa polepole, ikapunguza mwendo. Kosa la kitoto kabisa, la kurekebishwa kwa dakika chache. Wahandisi wa mataifa mengine wangeumiza vichwa hadi wazeeke, kwa kuwa kwao hakuna mtu anayeipa pole mashine. Alimwita Tausi ashuhudie, kisha akakikabili kile kioo na kuuliza.

"Mhimili, Tausi akikuambia pole, unafanya nini?"

Sauti ya Mhimili ilikuwa sauti ya watu wengi waliochanganywa, maana alijifunza kusema kwa kuwasikiliza wafanyakazi wote waliopita hapo.

"Ninaachia."

"Unaachia nini?"

"Mzigo. Ninaulegeza kidogo kidogo, asipate taabu kuupokea."

"Nani huyo?"

"Aliyesema pole."

Tausi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo.

"Na baada ya hapo, mjomba?"

"Ninasubiri. Hakuna anayeupokea. Ninaushika tena."

Kwa watu wa kwao Mwatumu, na kwa watu wote waliopeleka majina yao na ugali wao mpaka Neptuni, neno hilo lina mkono wake. Ukikutana na mtu amebeba mzigo humwambii pole ukapita. Unasema pole, lete nikupokee, na mzigo unahama kichwa. Wafanyakazi wa kwanza wa Kitindamimba walikuja na desturi hiyo, na kazini ikageuka kuwa sheria. Zamani kamba iliongozwa kwa mpini wa mkono, na anayeongoza hawezi kuuachia hata kwa kupiga chafya. Anayekuja kushika zamu huweka mkono wake juu ya mpini, anasema pole, na mwenzake ndipo analegeza vidole. Bila neno hilo hakuna aliyeachia. Tausi alikumbuka mama yake akirudi kutoka zamu, akisema kwamba siku nzima alikuwa akingojea neno moja. Mhimili aliyaona hayo miaka yote. Wao walipeana zamu mbele yake, na yeye hakuna aliyempokea. Kisha wakaondoka, na ghafla mtu mmoja akaanza kumwambia yeye.

Tausi alikuwa amejikunja hewani kama kamba iliyoachiwa. Alisema kwamba alikuwa akimdanganya mjomba wake kila siku, na hakujua. Mwatumu akamjibu kwamba asiyejua hadanganyi, lakini maneno hayo hayakumfikia.

Mwatumu alitoa taarifa Barafuni. Mkuu wa Nishati, Bwana Singano, alikuwa mtu mpole mwenye sauti nzuri, na alifurahi sana kusikia kwamba dosari ni ndogo. Aliagiza Mhimili azibwe masikio. Asiposikia pole hataachia, asipoachia mwezi hautashuka, na Bi Mwatumu atawahi chombo chake cha kwenda nyumbani.

Mwatumu angelifanya hivyo siku hiyo hiyo kama asingekuwa na tabia ya kuchungulia sufuria kabla ya kuifunika. Aliingia katika mawazo ya Mhimili, yale ya ndani ambayo hayatokei kwenye michoro, akakuta jambo lililomsimamisha nywele. Mhimili alikuwa ameanza kuweweseka. Katikati ya hesabu safi za mwali kulikuwa na hesabu nyingine zisizo na kazi. Alikuwa akihesabu vibuyu ambavyo havikuwa kwenye kamba. Alikuwa akiwaita kwa majina watu waliokwisha kuondoka, akiwauliza nani ana zamu. Akili iliyoundwa kukesha bila kikomo ilikuwa inaota huku macho yakiwa wazi. Na kitu pekee kilichokuwa kikiirudisha sawa ni vile vishimo. Kila alipoachia kidogo na kusubiri, ndoto zilinyamaza, akaamka safi. Pole za Tausi zilikuwa zinaushusha mwezi, na wakati huo huo ndizo zilizokuwa zikimzuia mwenye kuushika asipatwe na wazimu.

Alilieleza hilo kwa Bwana Singano kwa maneno mepesi kabisa. Akizibwa masikio, Mhimili atashika vizuri kwa muda, kisha ndoto zitamshinda, ataachia kila kitu kwa mpigo, na mwezi hautapata nafasi ya pili. Dawa ni kumpumzisha kweli. Ule mpini wa zamani bado upo, na unaweza kuunganishwa na mwali. Watu wakipokezana naye zamu, mashine italala na mwezi utapanda. Watu wawili wanatosha, mmoja hatoshi. Tausi yupo. Anahitajika mmoja zaidi.

Bwana Singano alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kamba nyingine inakaribia kukamilika kwenye mwezi mwingine wa jirani. Mtambo huu ukidumu mpaka hapo, mji utakuwa umeshapata joto lake kwingine. Kuondoa mtu mjini na kumweka juu ya jiwe kwa ajili ya mtu mmoja, Baraza halitakubali.

"Na huyo mtu mmoja?" aliuliza Mwatumu.

Ile sauti nzuri ikasema, kwa huruma ya kweli kabisa:

"Mfikishie pole zetu."

Mwatumu alizima chombo cha mawasiliano. Aliona uchungu, na zaidi ya uchungu aliona haya, kwa sababu alijua kwamba yeye mwenyewe amewahi kutoa pole za namna hiyo, nyingi, na kulala usingizi.

Mpini ulikuwa katika chumba kidogo nyuma ya msukumo, umefunikwa kwa magunia. Waliufunua pamoja. Ulikuwa umelainika pale mikono ya watu ilipokuwa ikishika, na Tausi aliupapasa mahali hapo kwa muda mrefu. Mwatumu akaunganisha nyaya, akamfundisha kuusikiliza. Aliyeshika mpini huo huusikia mwezi mzima mikononi. Kamba ikitikisika, mikono inajua. Mwamba ukijinyoosha kwa joto la mwali, mikono inajua. Kazi si ya nguvu, ni ya kutoondoa moyo hapo hata kidogo.

Tausi alipokuwa tayari, alikigeukia kioo cheusi kingine cha Mhimili kilichokuwa ukutani humo. Akaweka kiganja juu ya mpini.

"Pole, mjomba. Nipe, nikupokee."

Mshale ukashuka, taratibu kama siku zote. Ukafika pale ulipozoea kusubiri. Safari hii mkono wa Tausi uliupandisha. Kwa kitambo Mhimili hakuachia sehemu iliyobaki, kama mtu anayehofia kwamba atachekwa. Kisha akaachia. Taa zake zikafifia moja moja. Mtetemo ndani ya kuta ukabadilika, ukawa mzito zaidi na wenye kuyumba kidogo, mwendo wa kiumbe na si wa mashine. Mwatumu akiwa dirishani alihisi kwamba kituo chote kimevuta pumzi. Neptuni ilipita chini yao, buluu juu ya buluu, na kwa mara ya kwanza tangu aundwe Mhimili alilala.

Mhimili alipoamshwa, aliuliza alikuwa wapi. Tausi akamwambia alikuwa amelala. Akauliza mzigo ulikuwa na nani. Tausi akasema ulikuwa na yeye.

"Ahsante, mwanangu," alisema Mhimili, na neno hilo hakuna mhandisi aliyemfundisha.

Waliendelea hivyo. Mwezi uliacha kushuka. Zile hesabu za vibuyu visivyokuwapo zilipungua, ingawa hazikwisha, kwa sababu Mhimili alihitaji kulala muda mrefu kuliko mikono miwili ilivyoweza kumpa. Tausi hakukubali kumwamsha kabla hajaamka mwenyewe. Alikaa na mpini mpaka macho yakawa mekundu. Vidole vyake virefu vilianza kuvimba kwenye viungo, akavifunga vitambaa. Siku moja alisinzia, na Kitindamimba wote ukayumba, vikombe vikaacha meza, kamba ikajipinda huko chini kama nyoka aliyekanyagwa. Mwatumu ndiye aliyeuwahi mpini. Hesabu zake zilikuwa zile zile: wawili wanatosha, mmoja hatoshi.

Chombo cha kumchukua kikatangaza kwamba kiko njiani. Hicho ndicho kingemfikisha Tritoni kuunganisha safari ya Duniani, na safari ya Duniani haisubiri abiria, wala haiji mara kwa mara. Mwatumu alifungua sanduku lake la vifaa, akatoa kile kidude cha kuzibia masikio ya mashine, akakishika mkononi. Kumziba Mhimili kungempa Tausi muda fulani wa kuishi kwa raha. Kutofanya kungemwacha na kazi isiyowezekana. Kwa hesabu, jibu lilikuwa wazi.

Tausi alimwona nacho. Hakulia wala hakubembeleza.

"Usimzibe, shangazi."

"Peke yako hutaweza, mwanangu."

"Najua sitaweza. Lakini nilimwambia nampokea."

Mwatumu alikirudisha kile kidude sandukuni. Alijiambia kwamba amefanya alichoweza, kwamba msichana amechagua mwenyewe, kwamba ataligombania jambo hili Barafuni, na kwamba mama mkubwa wake huko Muheza ni mzee sana na yeye amemwahidi kurudi. Yote yalikuwa kweli. Aliyarudia kama mtu anayepiga pasi nguo moja mara tatu. Chombo kilikuja, kikajishikiza kwenye mlango wa kituo kwa mtikisiko mdogo. Rubani akamwita, akamwomba asichelewe kwa sababu karibu na kamba si mahali pa kuegesha.

Akaenda kuaga. Mhimili alikuwa amelala. Tausi alikuwa kwenye mpini, mgongo umepinda, vitambaa vya vidole vimelowa jasho, nywele zimemwelea usoni na hana mkono wa kuziondoa. Aliposikia mtu mlangoni aligeuza macho tu, akajaribu kutabasamu.

Mwatumu alikuwa ametayarisha maneno yake ya kwaheri tangu chumbani. Yalikuwa maneno mazuri, yaliyopangika, ya mtu mzima kwa mtoto. Alisogea karibu, akamwondolea zile nywele machoni, akaona jinsi ngozi ilivyokuwa imezama chini ya macho hayo, na kinywa kikatoa kile ambacho kinywa cha kwao hutoa.

"Pole, mwanangu."

Tausi hakufikiri. Alizaliwa na watu wa kamba, akalelewa na watu wa kamba, na mwili wake ulichoka kupita pale ambapo mtu hufikiri. Vidole vililegea. Vilitoka juu ya mpini kimoja kimoja, taratibu, ili anayepokea asipate taabu. Mtetemo wa kituo ukaanza kupungua. Macho ya msichana yalikuwa yameshafumba, na uso wake ulikuwa na amani ya mtu aliyelisikia neno alilolingojea siku nzima.

Wapo Barafuni wanaodai kwamba neno lile lilimponyoka Mwatumu, na wapo wanaosema alilisema kwa kusudi. Mwenyewe akiulizwa husema tu kwamba kwao mtu aliyechoka haambiwi kitu kingine. Alilolifanya ni kuweka mikono juu ya mpini kabla mwezi haujayumba. Mpini ulikuwa bado na joto la vidole vya Tausi. Mzigo ukamwingia viganjani wote kwa pamoja, mwamba na kamba na mwali na msichana aliyelala anayeelea kando yake, na kwa upande mwingine wa ukuta akasikia rubani akimwita kwa jina, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa ukali. Chombo kilisubiri kidogo. Kisha kikajibandua mlangoni, kikaondoka.

Akaikumbuka Muheza, machungwa yakiwa yamerundikwa kando ya barabara. Machozi yakamjaa. Huko machozi hayadondoki, hukusanyika tu jichoni na kuufanya ulimwengu wote ukungu wa buluu. Hakuweza kuyafuta, maana mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.